Jongo Safarini: Kidole Gumba Kikiamua Kuvuruga Wikiendi Yenu

Wikiendi ya wapendanao ina ratiba yake, na wakazi wa Dar es Salaam wanaijua kwa moyo. Ijumaa jioni mnachomoka kazini, mnapigana na foleni kutoka Mwenge mpaka Tegeta, mkifika Bunju mnaanza kushusha pumzi, na Mapinga ikishapita mnajua sasa Bagamoyo hii hapa. Jumamosi mnatembea Mji Mkongwe, mnapiga picha kwenye magofu ya Kaole, mchana mnashuka soko la samaki pale ufukweni. Wenye gari la kueleweka husonga mbele zaidi, hushika barabara ya Msata hadi Makurunge na kuchepuka kuelekea Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambako tembo na bahari ni majirani. Usiku ni moto wa mkaa, kitu kinachomwa, vinywaji vya baridi na muziki wa mbali. Raha tupu!

Halafu, saa tisa usiku, mwanaume anashtuka usingizini kama aliyeumwa na nge. Kidole gumba cha mguu kinawaka. Hakujikwaa, hakugongwa, hakudungwa na mwiba, na jioni alikuwa anacheza muziki kwa miguu hiyo hiyo. Shuka ikigusa tu anapiga kelele. Mwenzake anawasha taa, anaona kidole kimevimba, kinang'aa kama kimepakwa mafuta. Wote wawili wanatazamana, na hakuna anayejua aanzie wapi.

Mpenzi msomaji, kama hilo halijakukuta wewe basi uliza ofisini kwenu, hutakosa wa kukusimulia, japo wengi watakwambia "niliteguka". Ugonjwa huo unaitwa jongo, na mitaani wengi tunauita gauti. Umezoeleka kuitwa ugonjwa wa wafalme, kwa sababu Ulaya ya zamani uliwashika wenye meza zilizojaa nyama na mvinyo. Siku hizi mfalme ni yeyote mwenye mshahara, kiti cha ofisini na baa karibu na nyumbani.

SI KUKANYAGA KITU

Huku pwani mguu unaovimba ghafla usiku una tafsiri yake ya haraka: jamaa kakanyaga kitu. Ametegewa. Na kama wikiendi yenyewe ilikuwa ya siri, wale wenye mawili moyoni huanza kuhesabu nani aliyewaona wakipita. Sina ugomvi na imani ya mtu, lakini saa hizo mnazopoteza kutafuta mchawi ndizo ambazo dawa ingefanya kazi vizuri zaidi, maana shambulio la jongo hutulizwa kirahisi likiwahiwa ndani ya saa 24.

Kinachotokea ni hiki. Mwili, katika kuvunjavunja seli zake na baadhi ya vyakula, hutoa taka inayoitwa asidi ya yuriki. Sehemu kubwa ya taka hii, kama theluthi mbili, hutolewa na figo kupitia mkojo, nyingine hutokea tumboni. Figo zikishindwa kuitoa kwa kasi inayotakiwa, inajazana kwenye damu. Ikipita kiwango cha karibu miligramu 6.8 kwa desilita ya damu, haiyeyuki tena yote, inaanza kuganda kuwa vichembe vyenye ncha kama sindano, kama vile chumvi inavyoganda kwenye mashamba ya chumvi ya pwani maji yakipungua. Vichembe hivyo hupenda kukaa kwenye viungo vya pembeni, vilivyo mbali na joto la moyo, na hakuna kilicho mbali kama kidole gumba cha mguu. Vinaweza kukaa humo miaka kimya kimya. Siku askari wa mwili wakivishtukia na kuvishambulia, ndipo moto unapowaka.

Kwa hiyo, hapana, hakikuanza jana usiku. Kilichoanza jana ni kelele tu.

Na kwa nini usiku? Watafiti wa Marekani waliochapisha matokeo yao mwaka 2015 waliwafuatilia wagonjwa 724 na kukuta kwamba uwezekano wa shambulio kati ya saa sita usiku na saa mbili asubuhi ulikuwa mara 2.4 ya ule wa mchana. Maelezo yanayotolewa ni kwamba usiku mwili hupoa, hupungukiwa maji kwa kuwa hunywi chochote, na homoni yake ya asili ya kutuliza uvimbe hushuka. Ndiyo maana jongo lina tabia mbaya ya kusubiri duka la dawa lifungwe.

SAFARI INAVYOLICHOKOZA

Kuna watu wana asidi nyingi mwaka mzima na hawasikii kitu, mpaka siku wasafiri. Mimi huona safari zetu zimetengenezwa kama mtego wa jongo.

Anzia kwenye basi. Abiria wa Kitanzania ana sera moja kuhusu maji: hanywi. Anajua dereva hatasimama, na akisimama kuchimba dawa ni pale porini, wanaume huku wanawake kule, kondakta anapiga honi. Basi heri kiu. Anakaa saa nne, tano, kwenye joto, koo limekauka, mkojo umekuwa wa rangi ya chai. Damu ikipungukiwa maji asidi inakolea, figo nazo zinabana. Akishuka anafidia kiu ile kwa soda mbili za baridi au bia, yaani anamwagia petroli juu ya moto.

Bia ina makosa mawili kwa wakati mmoja. Pombe yoyote hulazimisha figo kubakiza asidi ya yuriki, na bia juu ya hapo inakuja na malighafi yake ya kutengenezea asidi hiyo, zile zinazoitwa purini. Katika utafiti maarufu uliochapishwa mwaka 2004, uliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000 wa Marekani kwa miaka 12, waliokuwa wakinywa bia mbili au zaidi kwa siku walikuwa na uwezekano wa kupata jongo mara 2.5 ya wasiokunywa. Wale wanaojidai "mie siku hizi nakunywa waini tu" wasichekelee: utafiti wa 2014 uliowatazama watu ambao tayari wana jongo uliona kwamba pombe za aina zote, mvinyo ukiwemo, zilitangulia mashambulizi. Tembo la mnazi nalo ni pombe, hata kama limegemwa leo asubuhi na mzee mnayemfahamu.

Soda je? Hapa ndipo wengi wasiokunywa pombe wanaposhikwa. Sukari ya kawaida nusu yake ni fruktosi, na fruktosi ikichomwa na ini huacha asidi ya yuriki nyuma. Ukipita Makurunge utaona mashamba ya miwa ya Bagamoyo Sugar, kwenye ardhi iliyokuwa ranchi ya Razaba, yanatanda mpaka macho yachoke. Hakuna ubaya kwenye muwa mmoja wa kutafuna njiani. Lakini soda mbili au zaidi kila siku, kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2008 kwa wanaume wale wale wa Marekani, ziliongeza uwezekano wa jongo kwa asilimia 85 ukilinganisha na waliokunywa chini ya moja kwa mwezi. Soda zisizo na sukari hazikuonyesha hilo.

Ongeza mengine madogo madogo: viatu vipya vilivyonunuliwa kwa ajili ya safari vinavyobana kidole siku nzima pale Kaole, kiyoyozi cha chumba kilichowekwa baridi ya mochwari, usingizi mchache, na dawa iliyosahaulika juu ya kabati Sinza. Kila kimoja peke yake si kitu. Vikikutana Jumamosi moja, Jumapili mnalia.

Wapo pia ambao dawa yao nyingine ndiyo inayowaponza. Zile dawa za presha za kukojosha hupandisha asidi ya yuriki. Aspirini ya dozi ndogo nayo inabana figo. Na anayetumia dawa za kifua kikuu ajue kwamba mojawapo, pirazinamidi, inajulikana kwa kupandisha asidi hiyo. Hakuna hata moja kati ya hizo ya kujikatia mwenyewe, jamani. Mwambie daktari wako, yeye ndiye ataona kama ya presha inaweza kubadilishwa. Losatani kwa mfano ina sifa ya kuishusha asidi kidogo.

UTAJUAJE KAMA NI LENYEWE?

Jongo lina sahihi yake. Linakuja ghafla, mara nyingi usiku au alfajiri. Maumivu yanafika kileleni ndani ya saa 12 hadi 24. Mara nyingi la kwanza linashika kiungo kimoja tu, na hasa shina la kidole gumba, ingawa linaweza kuanzia kwenye kifundo cha mguu, goti, au mkono. Vitabu huandika kwamba ngozi inakuwa nyekundu. Kwa ngozi zetu usisubiri wekundu, tafuta kung'aa, kuvutika na rangi kuiva zaidi, na weka mgongo wa mkono wako karibu usikie joto. Bila dawa linapungua lenyewe ndani ya wiki moja au mbili, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu mtu anasema limepona.

Lakini si kila mguu uliovimba safarini ni jongo, na kwa hili naomba usome polepole.

Kiungo chenye moto pamoja na homa kali na kutetemeka kinaweza kuwa na usaha ndani yake. Hiyo ni dharura. Kiungo kinaweza kuharibika ndani ya siku chache, na mtu anaweza kupoteza maisha. Mwenye kisukari aliyevimba mguu, au mwenye kidonda au mchubuko jirani na uvimbe, asijipe majibu mwenyewe hata kidogo. Ukivimba ndama ya mguu mmoja baada ya kukaa safarini muda mrefu, na hasa ukibanwa na kifua au kukosa pumzi, fikiria damu iliyoganda kwenye mshipa. Hapo hakuna kusubiri asubuhi. Mwenye selimundu anajua maumivu yake, naye aende hospitali. Na homa yenye maumivu ya viungo vingi kwa mpigo inaweza kuwa dengi, ambayo Dar es Salaam iliishuhudia kwa kishindo mwaka 2014 na tena 2019. Kwa dengi, zile dawa za maumivu tunazozikimbilia kama diklofenaki na aspirini zinaweza kuleta kutokwa damu, kwa hiyo ukiwa na homa usizimeze kabla ya kupimwa.

Kwa akina dada: kabla ya kukoma hedhi homoni zenu zinasaidia figo kutoa asidi hii, ndiyo maana jongo kwa mwanamke kijana ni nadra. Si kwamba haiwezekani, hasa mwenye matatizo ya figo, ila ukiwa na miaka 28 na kidole kimevimba, usikubali kuambiwa "gauti" kwa kutazamwa tu. Dai vipimo.

SAA TISA USIKU, MKO MBALI NA MJI

Sasa turudi kule Makurunge, au kambini kando ya mto Wami, viboko wanakoroma nje na simu ina alama moja ya mtandao. Hakuna homa, mtu ana afya yake ya kawaida, ila kidole ndicho hicho. Mnafanyaje?

Kwanza msikikande. Najua, kukanda ndiyo huduma ya kwanza tuliyolelewa nayo, bibi zetu wote walikanda, lakini maji ya moto na kuchua kwa nguvu juu ya jongo linalowaka huongeza mateso. Kinachotakiwa ni baridi. Lile boksi la barafu mlilobebea vinywaji sasa lina kazi ya maana. Funga barafu kwenye kanga au taulo, weka juu ya kiungo kwa dakika 20, ondoa, rudia baada ya muda. Usiweke barafu moja kwa moja kwenye ngozi. Hakuna barafu? Chupa ya maji baridi au kitambaa kilicholowa vinasaidia. Mguu uinuliwe juu ya mito miwili, shuka isiguse. Geuza kiti au beseni kifanye kibanda juu ya miguu, shuka ipite juu yake. Kisha anywe maji, glasi baada ya glasi, isipokuwa kama moyo au figo zake zina matatizo na daktari alishampangia kiasi.

Halafu dawa. Hapa zipo za aina tatu, na zote zinafanya kazi vizuri zikiwahi.

Kuna zile za maumivu na uvimbe, ibuprofeni, diklofenaki, indomethasini. Zinapatikana kirahisi, mpaka kwenye maduka ya dawa muhimu ya vijijini mara nyingi hukosi moja wapo. Urahisi huo ndio unaonitia wasiwasi. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo mbovu, mwenye moyo uliopanuka, anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, na mama mjamzito, hao wote zinaweza kuwadhuru vibaya. Na wewe mzima usimeze mbili za ndugu mmoja, diklofenaki asubuhi na ibuprofeni jioni, ukidhani unaongeza nguvu. Unaongeza madhara tu. Zinywe ukiwa umekula.

Kuna kolkisini, dawa ya kale iliyotokana na ua, ambayo ni ya jongo hasa. Zamani wagonjwa waliambiwa wameze kidonge kila baada ya muda mpaka waharishe! Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba dozi ndogo inatuliza sawa na ile kubwa, bila mateso ya tumbo. Siku hizi kwa vidonge vya miligramu 0.5 kawaida ni viwili mara tu dalili zinapoanza, kimoja baada ya saa moja, basi, kisha kufuata alichoandika daktari wako kwa siku zinazofuata. Dawa hii ikizidi ni sumu, haina mchezo, na haipatani na baadhi ya antibayotiki kama klarithromaisini. Ni ya yule aliyeandikiwa kabla ya safari, si ya kuazima kwa shemeji.

Ya tatu ni prednisoloni, ambayo daktari huitoa kwa siku chache, na huwafaa wengi ambao zile mbili haziwafai. Mwenye kisukari aseme mapema, maana hupandisha sukari.

Aspirini kama dawa ya maumivu ya jongo iache. Yule anayeimeza kidogo kila siku kwa ajili ya moyo aendelee nayo. Na aliyekwisha kuanza alopurinoli, ile ya kushusha asidi kila siku, asiikatize kwa sababu shambulio limekuja. Kosa hili ni la kila siku, watu wanasema "hii dawa ndiyo imeniletea". Kuna ukweli nusu hapo: miezi ya mwanzo vichembe vinapoanza kuyeyuka, mashambulizi huweza kuongezeka kwa muda, ndiyo maana madaktari huongezea dawa ya kinga kwa miezi mitatu hadi sita. Ila alopurinoli ikikuletea vipele mwilini, acha na nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu unga na chupa zisizo na lebo zinazouzwa stendi kwa jina la "dawa ya gauti na miguu kuwaka moto", swali langu ni moja: ndani kuna nini? Ikitibu haraka kupita kiasi, usishangae kama kuna diklofenaki au steroidi iliyosagwa humo, na figo zako ndizo zitakazolipa.

Kukicha, msijilazimishe kumaliza ratiba. Kutembea juu ya kiungo kinachowaka hakumfanyi mtu shujaa. Wa kwenda hospitali arudi Bagamoyo mjini, kwenye hospitali ya wilaya, na mguu unaouma usikanyage breki. Kama ni wa kulia, ufunguo wa gari uhame mkono. Mwanaume atakayeng'ang'ania usukani kwa ajili ya heshima atawaua wote wawili kwenye kona ya kwanza.

NAWE ULIYELALA PEMBENI

Jongo lina kisa kingine ambacho daktari hakioni, na hicho kinatuhusu sisi wa kurasa hizi. Mwenzako amelipia chumba, umejiandaa, umenunua na kile kigauni, halafu mwanaume hataki hata kuguswa unyayo. Mawazo yanakuja. Anajifanyisha? Anataka kurudi mjini kwa nani? Wapo waliogombana usiku mzima juu ya kidole.

Dada, yaamini maumivu hayo. Wanaoyajua huyaweka karibu na yale ya kuvunjika mfupa. Hayaambukizwi, kwa hiyo laleni chumba kimoja bila hofu, ila kila mtu na shuka yake usiku huo. Yule anayekukunjia uso saa tisa usiku hajakuchoka, anaogopa usiguse kitanda. Mambo mengine yatasubiri wiki, na kama mnapendana mtakuwa na vya kucheka.

Na kaka, sema. Wanaume wengi wana dawa ya gauti ndani ya soksi kwenye begi na mchumba hajui, eti ataonekana mzee. Sasa ukishikwa huko Saadani, huyo asiyejua ndiye atakayekutafutia barafu, ndiye atakayejibu maswali ya mganga: unatumia nini, una vidonda vya tumbo, figo zikoje? Mwambie kabla hamjafunga mizigo.

Kuna sentensi moja ambayo ningependa ifutwe kwenye nyumba zetu: "Umejitakia mwenyewe." Mwaka 2018 kulichapishwa uchambuzi wa Wazungu zaidi ya 16,000 wa Marekani, ambao ulilinganisha mchango wa vyakula na ule wa kurithi. Hakuna chakula kilichoeleza hata asilimia 1 ya tofauti za asidi ya yuriki kati ya mtu na mtu. Vinasaba vilieleza karibu robo. Ni damu ya kwao huko, utafiti kama huo kwa damu yetu ungependeza, lakini picha inajitosheleza: watu wawili wanakula sahani moja ya maini, mmoja analala fofofo na mwingine anaamka analia. Karamu huchokoza tu mtu ambaye tayari figo zake zilishampangia.

PWEZA JE?

Hilo ndilo swali la kila anayekwenda Bagamoyo, na jibu langu halitawafurahisha wala kuwahuzunisha sana. Vyenye purini nyingi kupita vyote ni vya ndani: maini, figo, moyo, bandama. Dagaa wamo kwenye kundi hilo la juu, pole kwa wapenzi wao. Nyama nyekundu, kamba, pweza na samaki wengi wako katikati. Kwa hiyo mwenye jongo anayekula pweza wa kukaanga kipande cha kuonja, na wali wa nazi na mchicha, na maji, hajafanya dhambi. Anayeanza na supu ya makongoro asubuhi, mishikaki ya maini mchana, dagaa wa kukaanga jioni na bia katikati, huyo anafanya majaribio. Kumbuka pia kwamba utafiti wa wagonjwa wa jongo uliotoka 2012 uliangalia walichokula siku mbili tu kabla ya shambulio: waliokula purini nyingi zaidi walikuwa kwenye hatari karibu mara tano ya waliokula kidogo zaidi. Siku mbili! Ndiyo wikiendi yenyewe hiyo.

Maharage, kunde, mchicha na uyoga viacheni viishi kwa amani. Vina purini, na kwa miaka mingi wagonjwa walikatazwa, lakini ule utafiti wa 2004 haukuona kwamba mboga hizo zinaongeza jongo. Maziwa yasiyo na mafuta mengi na mtindi vilionekana kusaidia, na kahawa pia inatajwa vizuri, kwa hiyo kile kikombe kidogo cha kahawa chungu cha barazani kinywe, ukienda mbali na kashata. Dafu moja halina neno.

MKIRUDI DAR

Shambulio likipoa, msisahau. Kipimo cha asidi ya yuriki kilichochukuliwa siku ya maumivu kinaweza kutoka cha kawaida kabisa na kumdanganya kila mtu, kwa hiyo kama kilitoka hivyo, kirudiwe wiki mbili au zaidi baada ya maumivu kuisha. Omba na figo zipimwe, na sukari, na presha, kwa kuwa jongo linapenda kutembea na ndugu zake hao. Jibu la uhakika kabisa ni kuchukua maji ya kiungo kwa sindano na kuyatazama kwenye hadubini, ili vile vichembe vionekane kwa macho, na hospitali kubwa ndizo za kuulizia hilo.

Anayeshikwa mara mbili au zaidi kwa mwaka, au mwenye vinundu vigumu vinavyoota kwenye vidole na masikio, anastahili mazungumzo na daktari kuhusu dawa ya kila siku. Kwa kawaida alopurinoli huanzia miligramu 100 au chini, ikipandishwa taratibu mpaka damu isome chini ya 6 kwa desilita. Hiyo 6 ndiyo namba ya kuuliza kila unapopimwa. Ukiambiwa tu "iko poa", uliza ni ngapi.

Na kwa safari ijayo, dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi lililotupwa kwenye buti la basi. Chupa mbili za maji kwa kila mtu, zinywewe njiani mpaka mkojo uwe mweupe, na kama basi halisimami, chagueni gari litakalosimama. Viatu vilivyozoea mguu. Bia, mwenye jongo aliyeshikwa mwezi uliopita aziruke zote, na mwenzake akimsindikiza kwa maji ya limao usiku ule, mbu wa Saadani watawakuta wote wawili wamekaa macho wakiongea.